Wanaume Ishirini na Mmoja wa Chumba cha Juu

Chumba cha juu,
Nyumbani kwa mama mkwe.
Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Bado linakusumbua kwenye ngazi? Na Mjomba, kile kikohozi kimemwacha? Huku sisi wazima, na mimi ni zaidi ya mzima.

Shangazi, ndoa ni tamu. Leo ni wiki ya nane, na bado nikisikia hatua za mume wangu kwenye ngazi nakimbilia kioo kana kwamba ndiyo kwanza anakuja kuposa. Anarudi kutoka duka la miwani na vumbi la vioo kwenye kope, nami namfuta taratibu kwa kitambaa. Asubuhi ananiachia chai, ameifunika kwa kisahani isipoe. Ungeniambia mapema kwamba raha yenyewe ni kubwa hivi, ningeolewa siku ile ile niliyomaliza mtihani wa mwisho.

Asante tena kwa simu uliyonitumia siku ya harusi. Ila nikwambie ukweli: simu hiyo nusura inirudishe kwa baba na sanduku langu kichwani.

Humu ndani yumo mdogo wake mume wangu, ambaye hujiita Injinia. Alisoma kompyuta miezi miwili, na mwezi wa pili wote alikuwa anaumwa jino. Wengine wangemwita debe tupu. Mimi naona tunalionea debe, maana debe ukilitia maji linajaa.

Yeye ndiye aliyefunga waifai ukutani kwenye ujia, akaitundika kwa heshima kama picha yake mwenyewe. Ndani ya mashine hiyo mna orodha ya simu zote za nyumba. Kila simu ina namba yake, kama gari na kibao chake, na mashine huandika imeingia saa ngapi na imetoka saa ngapi, kisha hutunza hayo yote siku tisini. Nywila ya kuifungua orodha alikuwa nayo yeye peke yake. Siku niliyofika aliichukua simu yangu, akaiandika humo "Bi Harusi", akanirudishia kwa uso wa daktari aliyezalisha pacha.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe kila jioni, badala ya kutafuta kazi, alikuwa anasoma orodha.

Jumapili ya wiki ya nne mama mkwe alituita sebuleni baada ya chakula. Injinia akasimama, yeye ambaye hata wageni hawasimamii, akatoa karatasi aliyoichapisha. Akasema simu ya Bi Harusi ilionekana siku moja tu, kisha ikatoweka. Tangu kesho yake, kila siku inaingia simu isiyojulikana, na kila siku ni nyingine. Siku ishirini na moja, simu ishirini na moja. Huingia saa mbili asubuhi, kaka yake akishatoka tu, na hukaa upande wa chumba cha juu. Basi bibi harusi anazima simu yake kujificha, na nywila ya waifai anawagawia wanaume. Akatazama dari, akaketi.

Mama mkwe hakufoka. Ingekuwa nafuu angefoka. Alisema polepole kwamba pengine ni heri nirudi kwa baba yangu mpaka ijulikane. Nikaanza kuwaza sanduku liko wapi.

Injinia akampa kaka yake karatasi. Sasa sikiliza, Shangazi. Mume wangu hakuisoma. Aliikunja mara nne, akainama, akaichomeka chini ya mguu wa ile meza inayoyumba tangu nije. Akaitikisa meza. Imetulia. Ndipo aliposema, "Mama, mke wangu haendi popote. Kama ni kujua, tutajulia hapa hapa."

Na wakati huo mambo ya simu hakuyajua, kama nami nilivyokuwa siyajui. Weka barua chini kidogo, kisha irudie sehemu hiyo. Mimi kila siku nairudia.

Nami nikasimama. Nikamuuliza Injinia, huyo mwanaume wa Jumanne alitoka saa ngapi? Akafurahi kuulizwa, maskini, akafungua orodha kwenye simu yake. Alitoka saa nne, akarudi saa tano na nusu. Nikasema Jumanne saa nne nilikwenda sokoni na Mama, na tulirudi saa tano na nusu, kila mmoja ameshika sikio moja la kapu. Sasa huyo bwana alikuwa anatufuata nyuma, au alikuwa ndani ya kapu?

Mama mkwe akageuza shingo. Nikauliza na Jumapili iliyopita. Injinia akasoma kwamba Jumapili pia alikuwemo, tangu asubuhi. Mume wangu akasema Jumapili alishinda chumbani na mkewe, na chumba kile ukiongeza hata kiti, mlango haufungi.

Kisha akaomba simu yangu. Mtu aliyezoea kusoma vitu vidogo hapitwi na kitu. Alipekua mipangilio hadi akakuta mstari mmoja wa maandishi membamba: simu hii hubadilisha namba yake kila siku ili isifuatiliwe. Nami usiku huizima, na siku za kazi huiwasha saa mbili, yeye akishatoka. Akaizima hiyo tabia, simu ikaingia upya, na pale pale kwenye orodha ya Injinia akazaliwa mwanaume wa ishirini na mbili. Wote tukamwona. Alikuwa mkononi mwa mume wangu.

Injinia akanung'unika kwamba mashine haikukosea. Ni kweli haikukosea. Mashine iliandika namba. Wanaume aliwaandika yeye.

Mama mkwe alinisogezea kiti chake mwenyewe, akamwambia Injinia aandike nywila ya orodha kwenye karatasi anipe. Basi sasa mtunzaji ni mimi. Mafunzo yake ya miezi miwili nimeyamaliza kwa alasiri mbili, pamoja na jino. Zile siku tisini nimezifanya moja: kukipambazuka, mashine imesahau nani alitoka na nani aliingia. Hii ni nyumba, si lango la gereza.

Simu ya Injinia nimeihamishia kundi la wageni, ambalo hukatwa kila saa mpaka uandike nywila tena. Mume wangu ananisihi nimsamehe mdogo wake. Nimemjibu namsamehe, kila saa.

Karatasi ile bado iko chini ya meza, nayo meza haiyumbi. Ndiyo kazi pekee ya maana aliyowahi kuifanya Injinia.

Msalimie sana Mjomba, na pacha wako, na jirani yako mshonaji aliyenipimia gauni kwa picha tu. Mungu akutunze, akulainishie goti na ngazi zote zilizo mbele yako.

Nilisahau: yule wa ishirini na mbili hajabadilika tena, ni yule yule kila siku. Nilimwachia mume wangu amwandikie jina kwenye orodha. Ameandika "Haendi Popote".

Akupendaye saa zote bila kukatwa,
Mwanao wa chumba cha juu.