Nimekaa Meza ya Wagonjwa wa Sukari, na Sukari Sina

Mpendwa Mama Anyesi,

Sijui nikuamkie au nipokee shikamoo yako, maana picha yako gazetini haionyeshi umri, lakini mimi nina miaka sabini na miwili na naomba unisaidie kabla jambo hili halijaharibika zaidi, kwa sababu hapa nilipo sina wa kumwambia, na yule mmoja ambaye ningemwambia ndiye niliyemkosea.

Naishi katika makazi ya wazee ya misheni, njia ya Hombolo, mwaka wa tatu sasa. Nilikuwa mtunza stoo wa shirika moja la umma hapa Dodoma, shirika likauzwa, tukapunguzwa kazi, mwaka uliofuata mke wangu akafariki, mwanangu yuko Mwanza na ana watu wake, na nyumba ya Nkuhungu tulikuwa tumepanga tu, basi parokia ikanileta hapa na siwalaumu, kitanda ni kisafi na hakuna anayenitukana. Sista Evodia, ambaye ndiye nesi wetu, ana utaratibu wake, kila mzee anayefika anajaziwa kadi ya chakula, anaulizwa anaumwa nini, amebakiwa na meno mangapi, amezoea kula nini, kisha kadi inabandikwa ukutani jikoni ili Restuta mpishi ampikie kila mtu cha kwake. Ni utaratibu mzuri, sisemi vibaya, wapo waliopungua kuvimba miguu kwa kukatiwa chumvi tu. Lakini mimi nilipoulizwa nimezoea kula nini niliona aibu, nilikuwa nimevaa koti langu la ofisini, na mbele yangu walikuwa wametangulia wazee wa kijijini waliokuwa wanataja uwele na mlenda, nami nikasema nimezoea wali, mkate na chai ya maziwa, Sista akaandika.

Ulikuwa uongo mtupu. Mimi ni Mgogo wa Bahi, nimekulia ugali wa uwele, na mke wangu alinisongea huohuo mpaka alipoondoka.

Basi nikawa naletewa wali kwenye sahani ya plastiki iliyoandikwa jina langu na namba kumi na nne, nakaa meza kubwa pamoja na wengine, huyu hali chumvi, yule ni wa uji, yule chakula chake kimepondwa, na hakuna anayeweza kumwambia mwenzake "karibu tule", kwa kuwa chakula cha mwenzako ni dawa yake. Kila mtu anakula ugonjwa wake, ananawa, anaondoka. Sasa karibu na mlango kuna meza ndogo ya wagonjwa wa sukari, wako wawili, Matonya na Sila, ambao Restuta huwasongea uwele, na kwa kuwa chakula chao ni kimoja anawapakulia sinia moja na bakuli moja la mlenda, wanamega pamoja, wanaongea Kigogo, wanataniana. Mimi nimewapa mgongo na nasikia kila neno. Mama Anyesi, nilikuwa na njaa na sahani imejaa.

Mwaka huu mwezi wa tatu Sista akagawa chupa, kila mzee aweke mkojo wa asubuhi ukapimwe sukari. Chumbani nalala na mzee mmoja, nimwite Yotham ingawa silo jina lake, mtu wa Mpwapwa, mpole, mzito wa kusikia, ambaye hata meza kubwa tulikuwa tunakaa viti vya jirani. Yotham nilishajua kuwa ana sukari, kwa sababu akikojoa nyuma ya chumba sisimizi hujaa pale, na sisi tuliokulia kijijini tunajua maana yake. Nilikusudia kumwambia, Mungu ni shahidi. Badala yake asubuhi ile, chupa zetu mbili zikiwa juu ya kabati na yeye amekwenda kunawa uso, nilibandua karatasi za majina nikazibadilisha.

Mimi wakanikuta na sukari, yeye akaonekana mzima. Nikahamia meza ndogo, na siku ya kwanza Matonya akaniamkia kwa Kigogo, "Mbukwa, sogea," nikamega tonge, machozi yakanitoka, wakadhani nalilia ugonjwa. Wiki mbili nilijisikia mtu. Vidonge ninavyopewa navificha shavuni kisha naenda kuvitupa chooni, nami najua siku hizi dawa inachangiwa na haipatikani kirahisi. Lakini Yotham yuko palepale meza kubwa na chai yake ya vijiko vitatu na mkate, na sasa anamaliza ndoo ya maji, suruali inamvuka, na kidole cha mguu alichojikwaa Pasaka mpaka leo hakijakauka. Sista anasema ni uzee, maana vipimo vilisema ni mzima.

Na kinachonimaliza kabisa ni kwamba kila asubuhi watu wakitoka kanisani yeye anabaki ananiombea. Juzi aliniambia, "Ndugu yangu, nimemwambia Mungu kama sukari hii ni lazima ikae chumbani kwetu, basi anipe mimi, wewe upumzike."

Sasa nifanye nini, nikisema nitafukuzwa na sina pa kwenda, au nitarudishwa kwenye sahani namba kumi na nne nife nikitazama ukuta, na nikinyamaza unaona mwenyewe. Nimefikiria nimshauri tu Yotham aache sukari kimyakimya bila kueleza chanzo, unaonaje?

Mzee wa Meza Ndogo, Dodoma

*

Shikamoo, mzee wangu. Nakuamkia mapema kwa sababu nitakayoyasema hapa chini si ya mtoto kumwambia baba yake, na nataka heshima yako uwe umeshaipata.

Barua yako imetumia siku nane njiani, na gazeti litachukua nyingine nne kukufikia. Hizo ni siku kumi na mbili za chai ya vijiko vitatu, nami sikuweza kungoja. Nimempigia simu mwandishi wetu wa Dodoma, amekwenda hapo kwenu (makazi ya wazee njia ya Hombolo si mengi) na kumwomba nesi awapime wazee wote upya, akianza na mwenye kidonda mguuni. Jina lako hakulitaja, kwa kuwa hukunipa. Ukitaka kunichukia nichukie, ila Yotham abaki na mguu wake.

Sasa tuje kwako. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umewazidi wahenga, umeficha maradhi ya mtu mwingine! Halafu unaniuliza kama inatosha kumnong'oneza aache sukari, mtu mwenyewe hasikii. Haitoshi. Anahitaji vile vidonge unavyolisha choo, anahitaji kile kidonda kisafishwe na mtu anayejua ni kidonda cha sukari. Ushauri wa kimyakimya ulikuwa wa kukuokoa wewe, na umri wako unatosha kulijua hilo.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipomwambia Restuta, "Mama, mimi nataka uwele." Sikupaona. Uwele haukatazwi kwa mtu mzima wa afya. Kadi ile ameiandika Sista kwa kalamu, na angeweza kuifuta kwa kalamu. Miaka mitatu umekula wali usioutaka kwa ajili ya koti, na ulipochoka, ukaona ni rahisi kuiba ugonjwa wa mwenzako kuliko kusema sentensi moja jikoni. Hilo linaniuma, kwa sababu najua liko ndani ya wazee wengi wanaosoma ukurasa huu, waliokuwa na ofisi na ufunguo wa stoo, na sasa wanaona kuomba chakula cha mama zao ni kushuka.

Ile njaa yako naijua. Mimi ni mjane wa mwaka wa sita, na jioni nyingi nakula nikiwa nimesimama jikoni, kutoka kwenye sufuria, kwa sababu kutenga meza ya mtu mmoja kunanishinda. Kwa hiyo sikucheki. Lakini mzee wangu, ulikuwa na mtu kiti cha jirani miaka mitatu. Kama hasikii vizuri, ungepaza sauti. Umemruka mtu mmoja ukawafuata wawili, na huyo uliyemruka ndiye anayeomba achukue ugonjwa wako.

Vipimo vikirudi itajulikana kuwa chupa zilibadilishwa. Kwa nini zilibadilishwa, ni wewe peke yako unayeweza kusema, nami nimekuachia hilo kwa makusudi. Ukishasoma hapa, kunja gazeti uende kwa Sista Evodia, umweleze chupa, karatasi na vidonge, bila kupunguza. Sijui atafanya nini. Sidhani kama atamtoa mzee nje, lakini hata angekutoa, ungetoka ukiwa umesema kweli. Hapohapo mwambie afute wali kwenye kadi yako. Na usikae tena kiti cha meza ndogo, kina mwenyewe, naye ni Yotham.

Kisha mwambie Yotham, mchana, mkiwa mmekaa, kwa sauti anayoisikia, hata kama wa chumba cha tatu nao watasikia. Usianze na upweke wako. Anza na chupa. Atakasirika, na pengine atanyamaza siku nyingi, usimharakishe na usimlilie.

Wakati wa chakula chukua sahani yako namba kumi na nne, omba ruhusa ya Sista, vuta kiti ukae jirani na meza ndogo, mahali atakapokuwa anakula. Asipokusemesha, kula chako, na kesho yake ukae tena palepale. Siku akisogeza sinia kuja upande wako, usimweleze kitu. Nawa mikono, mle.