Shemeji Anarudi Akiwa Mzimu

Jumatatu, 3 Juni

Imethibitishwa. Sehemu ya pili ya filamu yetu inashutiwa, na marehemu anarudi!

Marehemu ni shemeji yangu. Ni mzima wa afya, anakula kwa wawili. Alikufa kwenye filamu tu, sehemu ya kwanza, alipomezwa na kabati lenye jini. Na aliyemwomba dairekta amuue ni dada yangu — kwenye filamu mkuu wa kikosi cha kufukuza mizimu, nje ya filamu mke wa huyo huyo marehemu. Wiki ile walikuwa wamenuniana. Wengine wakigombana hurushiana vikombe. Dada alibadilisha mswada. Kisha akaja kwangu na sanduku, “kwa siku mbili tatu.” Filamu imeonyeshwa, imesifiwa, imesahaulika. Sanduku bado liko sebuleni kwangu.

Sasa watazamaji wanalia: mrudisheni yule mchekeshaji! Dairekta kaona njia moja tu. Arudi akiwa mzimu, kikosi kimfukuze.

Mimi ndiye mpambaji. Kazi yangu ni kumfanya shemeji awe maiti ya kuvutia. Alivyo tu, nusu ya kazi imeshafanyika.

Jumatano, 5 Juni

Dada ametoa msimamo. Kamera ikiwaka, ataongea naye. Ikizimwa, hamjui.

“Mwambie huyo mtu asogee.” Huyo mtu yuko pale pale, anasikia.

“Shemeji, sogea.”

“Mwambie mkuu kwamba mizimu haisogei. Huelea.”

Siku nzima hivyo. Nimekuwa mkalimani wa watu wanaozungumza lugha moja.

Jioni dada kanikemea: shemeji, shemeji, shemeji yako nani? Nikamuuliza basi nimwiteje. Kafikiri. “Mwite mzimu.”

Alhamisi, 6 Juni

Nimeita, “Mzimu, njoo upakwe poda!” Wamekuja watatu. Nimerudia shemeji.

Kwenye kiti kaniuliza, macho kayafumba, kama vile anauliza habari za hali ya hewa: dada yako anakula? Nikamwambia anakula, tena vyangu. Bado analala taa ikiwaka? Nikamwambia, bili ya umeme ni shahidi. (Mkuu wa kikosi! Mapepo anayapigia kelele mchana, usiku anaogopa koti lililotundikwa.) Shemeji kacheka mpaka poda ikapasuka kwenye mashavu. Nikaanza upya.

Mtu mzuri. Tatizo lake ni moja. Dada aliwahi kumuuliza, kwa utaratibu kabisa, kama bado anamtaka. Yeye akajibu kwa sauti ya bata.

Sauti ya bata! Dada aliponisimulia alikuwa analia. Mimi niliuma mto nisicheke. Sikuuma vya kutosha.

Jumamosi, 8 Juni

Balaa. Silaha ya kikosi ni pampu ya kunyunyizia dawa ya mimea, imepakwa rangi ya fedha, na inavuja. Leo imepasuka kabisa, shemeji kaloa, poda yangu yote ikageuka uji, ikamtiririka shingoni. Akasimama vile vile, anachuruzika maji, mdomo wazi.

Dada akacheka. Si kicheko cha filamu, kile chake chenyewe, cha kukoroma kidogo. Halafu akakumbuka kwamba amenuna, akakimeza. Mpiga kamera kaninong'oneza: kimeingia, kile kicheko, hakifutiki.

Ningeishia hapo. Lakini mchana dairekta katangaza kwamba Jumanne ndiyo ya mwisho kwa mzimu. Shemeji amepata kazi na kikundi cha maigizo kinachozunguka nchi za watu, anaondoka Jumatano, na hajui lini atarudi, wala kama atarudi.

“Mwambie safari njema,” dada kasema.

Nikamwambia. Shemeji kasema asante. Hakutania. Nikadhani anaumwa.

Chakula cha jioni dada hakukigusa. Nilikila mimi. Sikukifurahia — karibu nusu ya sahani sikukifurahia.

Jumanne, 11 Juni

Naandika kwenye chumba cha vipodozi, kwa penseli ya nyusi, kalamu sijui iko wapi.

Tukio la kumfukuza. Dada amnyooshee pampu, aseme “Rudi ulikotoka!” Mzimu uelee kinyumenyume, upenye ukuta wa karatasi, basi.

Mara ya kwanza kasema “Rudi…” akakwama. Mara ya pili, “Rudi…” Dairekta kapandwa na hasira: “Mkuu! Malizia! Ukiishia hapo humfukuzi, unamwita!”

Watu wakacheka. Dada hakucheka.

Mara ya tatu. Kasema taratibu, pampu imeinama.

“Rudi.”

Shemeji alitakiwa aelee. Kasimama tu.

“Nirudi wapi?”

Haimo kwenye mswada. Na si sauti ya bata, wala ya mzimu. Ni yake, ambayo hata mimi nilikuwa nimeisahau. Mpiga kamera kaacha kutafuna. Dada kaweka pampu chini, polepole kama vile imelala, akaja hapa mlangoni nilipokuwa natazama, akaingia, akafunga mlango. Nikamsikia dairekta anatangaza mapumziko, ingawa tayari hakuna aliyekuwa akifanya lolote.

Dada yuko kwenye kiti. Nimemuuliza: nikufute, au nikupake upya? Kasema hajui.

Hodi.

Wiki nzima shemeji anapenya kuta, leo anabisha mlango!

Dada kachukua kitambaa, anajifuta mwenyewe. Kafika nusu ya uso. Hodi ya pili. Dairekta huko nje analalamika kuhusu mwanga. Dada kasimama, nusu mkuu wa kikosi, nusu mke wa mtu, na mimi nimekwama humu ndani, mlango ni mmoja na dirisha lina nondo. Basi naandika, nionekane nina shughuli. Naandika chochote. Brashi, brashi, poda. Kitasa kimelia, na dada anamwambia mwenyewe, bila mkalimani —