Kitanda Kimoja, Zamu Mbili

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unijibu hewani saa ya chakula, maana ndiyo saa pekee mashine zinapozimwa tukaisikia redio.

Mimi ni kibarua wa kiwanda cha kukata mawe ya sakafu, kwetu ni mbali, na kwa kuwa kodi ni kubwa mimi na mwenzangu wa zamu ya usiku tumepanga kitanda kimoja, yeye analala mchana mimi usiku, hata wenzetu chumbani wanatuita wake wenza na tulikuwa tunacheka. Sasa hatucheki. Tangu juzi haendi kazini, anakohoa, mwili unawaka kama pasi, jana akajisogeza ukutani akaniambia, "Njoo ulale, mke mwenzangu, kitanda chako hiki," nikasingizia joto nikalala sakafuni nikisikiliza kama bado anapumua.

Kuhusu huo ugonjwa mpya unaosemwa mitaani hatujui la uhakika. Gari la matangazo lilipita mashine zikinguruma, tukaona mdomo wa mtangazaji tu unachezacheza, tukampungia mkono tukidhani anauza magodoro. Msimamizi akasema ni mafua ya wapanda ndege, fanyeni kazi. Dada yangu akanitumia sauti kwenye simu kwamba wanaochukuliwa na gari la afya wanadungwa sindano ya kuwamaliza, mwenzangu akaisikia, akanishika mkono: "Ukinisema umeniua. Waambie kazini nimeumia mgongo." Nikawaambia hivyo. Nikinyamaza naogopa nitamkuta amekauka, nikisema naogopa nitakuwa nimemuuza, na tangu asubuhi koo linaniwasha, sijui ni vumbi la mawe. Nifanyeje?

Kibarua wa Mawe

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole. Lakini tangu lini mgongo ukakohoa? Hofu yako naielewa, na waliotuma gari likahubirie mashine wana lawama yao. Huyo dada yako muulize swali moja: alimwona nani akidungwa? Atakwambia naye katumiwa.

Siwezi kukuahidi kwamba mwenzako atapona. Ugonjwa ni mgeni, hata madaktari bado wanajifunza. Ila hospitali wana hewa ya kumsaidia kupumua, chumbani kwenu hamna. Kwa hiyo leo hurudi kazini. Funga kitambaa puani na mdomoni, fungua dirisha, mwambie yeye mwenyewe kwanza, uso kwa uso lakini kwa mbali, kisha waite watu wa afya. Waulize wanampeleka wapi. Hakikisha anaondoka na simu yenye chaji, akupigie umsikie kwa masikio yako. Huko si kumuuza mtu. Na koo lako uwaonyeshe hapohapo, usilisingizie vumbi.

Sasa aliye karibu na redio aongeze sauti. Wakata mawe, sogeeni msikie, ila msibanane. Ugonjwa huu haukungoja ndege, umeshalala kwenye kitanda chenu. Nawe msimamizi, kama upo hapo, toa mkono kwenye swichi ya mashine. Sijamaliza.