Kaka, Unajipangia Nini Huko?

Kahororo,
Bukoba.
11 Machi, 2025

Mpendwa Kaka Derick,

Habari za huko Malmö? Natumaini baridi imeanza kulegea, na kile kikohozi cha Januari kimekuachia. Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua kila mvua ikinyesha, lakini misa ya kwanza haikosi. Mimi nafundisha kama kawaida hapa Kahororo, na kila Ijumaa jioni nakwenda nyumbani Muleba.

Nimeona niandike, kwani Hafidha, rafiki yangu wa Miembeni, anarudi huko Malmö Alhamisi na atakuletea barua hii. Kwenye simu unanishinda. Nikikuuliza mipango yako unasema, "Bado najipanga," kisha unaniuliza kama senene wameonekana. Tunacheka, simu inakatika, nami nabaki na swali langu.

Kaka, kibanja chetu cha migomba kimeingiwa na mnyauko. Ulianzia chini, kwenye kile kipande ambacho Tata, kama baba, alikutengea ulipoondoka. Majani yanakuwa ya njano na kuning'inia, ndizi zinaiva kabla ya kukomaa. Tangu Januari bwana shamba alisema kila mgomba uliougua ukatwe, na panga lipitishwe motoni baada ya kila shina. Tata aliitikia, akakata yote ya upande wake. Kwako hakugusa. Alisema cha mtu hakiguswi mwenyewe akiwa safarini. Miaka sita anaiita safari. Sasa ugonjwa umefika nyuma ya jiko, karibu na kaburi la Bibi.

Jumamosi iliyopita nilichukua panga nikaingia kwako. Nilikuwa nimeangusha mgomba wa nne Tata alipotokea. Unajua sijawahi kumpinga; nikashusha panga.

"Hiyo ni ya Derick," alisema.

Nikamwuliza kama Derick anarudi. Akakaa juu ya shina nililolikata. Kisha akasema, "Mwulize wewe. Mimi nikimwuliza atasema ndiyo."

Maneno hayo hayanitoki kichwani. Nilidhani anakusubiri, kumbe anaogopa jibu lako la heshima.

Basi nakuuliza mimi. Siulizi unarudi lini. Nauliza unataka nini. Ulikwenda kusomea uhandisi wa maji, shahada ukaipata, na sisi tukatoa misa ya shukrani. Baada ya hapo nasikia kazi ya ghala, kodi ya nyumba, theluji, na mwaka mwingine. Labda umeshapata jambo unalolipenda, unaona aibu kutuambia kwa kuwa haliko Muleba. Au hujapata, na kila asubuhi unaamka ukijituliza kwamba kibanja kipo, kinakungoja. Hilo la pili ndilo linalonitisha. Hakikungoji, Kaka. Kinakufa.

Sikuandikii kama mtu aliyekwisha kujua yake. Nina miaka ishirini na saba, na nikisahihisha madaftari mara nyingi najiuliza kama kazi hii niliichagua au ilinikuta tu. Lakini Jumamosi, nikiwa na tope hadi magotini, sikujiuliza chochote. Nataka kukitunza kibanja hiki. Nakiri kwa woga, maana mimi ni binti, na Baba mdogo Byabato hatakosa la kusema. Kama unakitaka, njoo, nitakusaidia kwa moyo mweupe. Kama maisha yako yako huko, yaishi kweli, na umwambie Tata kwa mdomo wako. Usimpe ndiyo ya kumfurahisha.

Tata hajanikataza, wala hajaniruhusu. Upande wako kumebaki kama mashina thelathini. Jumamosi hii nitaendelea kukata, jibu lako liwe limefika au halijafika. Ila ningependa kujua nakata migomba ya nani.

Mama anakusalimu sana, na Tata pia, ingawa hajui kwamba nimeandika. Mungu akupe ujasiri wa kutamka unachokitaka, na nguvu za kukitenda.

Ni mimi dada yako mdogo akupendaye,
Edvina