Mwanamke Anayepita Nyuma ya Chui wa Kamba

Kwa Baba Cletus,
Makazi ya Katumba,
Mpanda, Rukwa.
9 Oktoba 1994

Mpendwa mdogo wangu Dieudonne,

Salamu zikufikie huko kwenye joto la Dar es Salaam, zikukute umekula na umelala vizuri. Vipi afya yako? Kile kikohozi kimekuacha, au bado unakohoa kama mzee wa kiko? Sisi huku wazima kwa neema ya Mungu, ukiacha magoti ya Mama, ambayo yanajua habari za mvua kabla ya redio. Shemeji yako Arcade hajambo, anaongea kama kawaida yake. Watoto wanakula, wanakua, wanachana nguo.

Mvua bado. Mbegu za tumbaku tumeshamwaga kitaluni na tunamwagilia kwa ndoo asubuhi na jioni, mpaka mabega yanalia. Mahindi ya kula yapo. Jirani yetu Eufrazia amejifungua mtoto wa kike, na mbuzi wako yule mwenye pembe moja bado anaishi, ingawa kila Pasaka tunamtazama kwa jicho baya.

Habari za kule tulikotoka tunazisikia redioni. Mama akizisikia anachukua ufagio anatoka nje, anafagia uwanja ambao umeshafagiliwa.

Sasa nije kwenye barua yako. Nilimsomea Mama akiwa anachambua maharage. Nilipofika mahali uliposema kwamba ile picha yetu ya video, Chui wa Kamba, imo kwenye duka lenu la kanda huko Kariakoo, nzima, safi, haina hata mstari mmoja, mikono yake ilisimama juu ya ungo. Nikaendelea kusoma. Uliposema kwamba wateja wanairudisha kabla haijafika nusu, na kwamba bosi wako anataka kurekodi picha ya ngumi juu yake, akaniambia nirudie kusoma. Nikarudia. Halafu akaendelea na maharage yake.

Unaiita picha mbovu kuliko zote ulizowahi kukodisha, na unauliza kwa mzaha uiokoe au uiache ifutwe. Mdogo wangu, mzaha wako naujua. Ukiogopa unacheka, tangu utotoni. Wewe picha ile uliiona mara moja tu, tena nusu, ukatoka nje. Mimi nimeiona kila kiangazi tangu kanda ile ifike Katumba, kwa hiyo kaa chini dada yako akueleze.

Kwanza nakubali, ni mbovu. Yule chui ni ngozi iliyoshindiliwa majani, na anavutwa kwa kamba. Kamba yenyewe haihitaji kutafutwa, inaonekana kama ya kuanikia nguo. Steringi anapigwa risasi bega la kulia, akizinduka amefungwa bandeji la kushoto. Adui akicheka ndevu zinabanduka. Usiku wao ni mchana uliotiwa giza, vifaranga wanadonoa chini huku wazungu wanatembea wakipapasa eti hawaoni njia. Hata watoto wangu wangetengeneza bora.

Lakini ungekaa ndani ya bani siku ya Jumapili baada ya Misa, ungeona. Unakumbuka bani la Baba Cletus la kukaushia tumbaku, lile refu lisilo na madirisha. Kiangazi halina tumbaku, giza lake ni la bure, ndiyo maana Arcade aliweka deki yake humo na jenereta nje. Watu wanakaa chini ya fito, harufu ya tumbaku ya msimu uliopita bado imo ukutani. Chui akitokea wote wanapiga kelele, "Kamba! Kamba!" Na papo hapo akina mama wanafunika macho kwa khanga. Wanaiona kamba na bado wanamwogopa chui. Picha gani ya ngumi huko kwenu inaweza kufanya hivyo?

Na lugha yake hakuna aijuaye. Mwalimu Apolinari alisikiliza akasema siyo Kifaransa, akaishia hapo. Basi Arcade anasimama pembeni ya luninga na kutafsiri asichokielewa. Kwake yeye wale wazungu hawatafuti dhahabu, wanatafuta ng'ombe wa mahari waliopotea, na adui ni baba mkwe. Kila mwaka hadithi inabadilika kidogo kufuatana na aliyegombana naye. Mwaka huu baba mkwe alikuwa na sauti ya Baba Cletus kabisa, na Baba Cletus mwenyewe alicheka mpaka akatoka nje kukohoa.

Kuna mahali pamoja tu shemeji yako ananyamaza. Unapajua.

Ni pale steringi anapopigana mieleka na ile ngozi kando ya mto. Nyuma yao kuna njia, na kwenye njia anapita mwanamke. Hayumo kwenye hadithi. Nadhani hakuna aliyemwambia kwamba wanapiga picha, alikuwa anapita zake tu na safari yake. Ana furushi kichwani. Anasimama, anawatazama wale watu wazima wanavyogaragara na ngozi, halafu anageuza uso anatutazama sisi. Kisha anaondoka. Mkono mmoja ameshika furushi. Mkono wa pili ameurudisha nyuma, chini ya kiuno, kama mtu anayemtegemeza mtoto mgongoni. Na mgongoni hakuna mtoto.

Nilikuwa na akili zangu tayari siku ile tulipovuka Malagarasi tukikimbia mauaji, mwaka wa sabini na mbili. Wewe ulikuwa bado unanyonya. Mama Mdogo Odeta alikufungua mgongoni kwake, akakufunga mgongoni kwa Mama kwa kitambaa chake mwenyewe, akasema anarudi kumchukua Bibi aliyekuwa anatembea polepole. Nilimwona akipanda ule mteremko. Mkono wake ulikuwa umebaki nyuma vilevile. Mama huwa anasema mkono ulikuwa haujajua bado kwamba mtoto hayupo.

Waliovuka baada yetu walituambia walimkuta Bibi na wakamzika kando ya njia. Alikuwa peke yake. Odeta, mama yako mzazi, hakuna aliyemwona, si mzima wala maiti.

Kwa hiyo Mama alipomwona yule mwanamke mara ya kwanza, akasimama ndani ya bani akaita "Odeta!" mbele ya watu wote, hakuwa amechanganyikiwa. Najua kilichokuuma. Watu waligeuka, badala ya kutazama luninga wakakutazama wewe. Ulikuwa kijana, ndevu ndiyo zinaanza, na watu mia wanakutafuta usoni kama unafanana naye. Ulitoka, na kabla mvua haijanyesha ukapanda treni. Hakuna anayekulaumu. Mimi ningekuwa wewe ningekimbia kwa miguu.

Ulimwambia Arcade siku ile kwamba yule mwanamke ni kosa la wapiga picha, kwamba mafundi hodari wangemkata. Ni kweli, na hilo ndilo neno ambalo nimelala nalo miaka yote hii. Wangekuwa hodari wangemkata. Wangesimamisha kazi, wamfukuze njiani, waanze upya, na sisi tusingemjua. Ulegevu wao ndio uliomwacha akapita. Tangu hapo mimi siwezi kuicheka picha mbovu mpaka niitazame nyuma kwanza, nione nani amesahauliwa humo ndani. Hata hizo nyingine unazozidharau hapo dukani, zitazame nyuma.

Kama ni yeye, mimi sijui. Sitakudanganya. Wanawake wa nchi hizi wangapi wanatembea na mkono nyuma baada ya kulea? Kuna siku naapa ndiye, ule mwendo, lile bega. Kuna siku naona mtu nisiyemjua kabisa, naona aibu kwa niaba yetu. Lakini usiku nikitoka nje kujisaidia huwa sipiti karibu na bani lile. Nazunguka kwa Eufrazia. Mtu mzima mimi, mama wa watoto wanne, naogopa mwanamke ambaye nilikula mkononi mwake.

Na sasa wewe unaandika kwamba kwenye kasha la kanda wameandika mwaka picha ilipopigwa, sabini na tano. Uliandika kama jambo dogo, pembeni, karibu na salamu. Dieudonne, wewe unajua kuhesabu. Kama ni yeye, basi miaka mitatu baada ya mto alikuwa hai, anatembea, ana furushi. Kama siye, basi Mama amemnyima dada yake mapumziko kwa ajili ya mpita njia.

Maana hilo ndilo linalomla Mama. Msiba wa Odeta haujafungwa. Siku ile ya kumaliza msiba tunayoiita kuganduka, watu wanywe pombe ya mtama, majembe yarudi shambani, na marehemu aachwe alale, tulimfanyia Bibi na tuliwafanyia wajomba wote. Yeye hatujamfanyia. Kila mwaka kabla ya Misa ya Marehemu Wote, katibu wa kigango anapita kuchukua majina ya kusomwa kanisani. Mama anataja baba yetu, anataja Bibi, anataja kaka zake mmoja mmoja. Katibu anauliza, "Basi?" Mama anajibu, "Basi." Halafu siku hiyo yote hali chakula.

Sasa sikia lililotupata. Kila kiangazi Mama amekuwa akimwomba Arcade arudishe pale. Deki inalia, picha inarudi nyuma, mwanamke anapita tena. Arudishe tena. Watu wa Katumba wanavumilia, hakuna anayenung'unika, maana kila mmoja mle ndani ana mtu wake ambaye hakumwona akizikwa. Sasa kanda imechoka mahali palepale. Mwaka jana mistari ilianza kumla uso. Mwaka huu tuliona furushi na miguu, katikati ni chengachenga tupu. Tumemwangalia mpaka tumemfuta. Mama akamwambia Arcade azime jenereta, mafuta yasiharibike.

Ilikuwa mwezi wa nane hiyo. Mwezi huu ndiyo barua yako ikafika na habari ya kanda safi. Nilikaa nayo jikoni nikalia, na sikujua nalilia nini, furaha au woga. Tulikuwa tumeanza kuzoea kutokumwona.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: usiiache ifutwe. Kaa juu yake ikibidi. Mwambie bosi wako atafute kanda nyingine ya kurekodia ngumi zake. Na kama umeshaiweka kwenye deki na kumtazama peke yako, sitakuuliza, ila najua haikukusaidia. Picha yake hatuna hata moja, na wewe uso wake huujui. Aliyebaki anayeujua vizuri ni Mama, na macho yake bado yanaona, namshukuru Mungu. Sijui yataona mpaka lini.

Nisalimie yule rafiki yako Yotham unayeishi naye, mwambie asante kwa dawa ya magoti. Baba Cletus anakusalimu na anasema bani liko wazi mpaka mvua. Marsela, yule ninayejua unataka kumuuliza lakini huulizi, anakusalimu pia, na hajaolewa. Arcade anasema ukimletea luninga kubwa zaidi atakutafsiria picha nzima kwa Kilatini.

Maneno ya Mama nimeyaacha mwisho makusudi. Nilimwambia, "Mama, namwandikia aitume kwa treni, atampa mtu mwaminifu." Juzi tuko kitaluni, ameinama na ndoo yake, ndipo akanijibu, bila kunitazama.

"Mwandikie asiitume. Kanda ikija peke yake tutamwona anapita tu, kama miaka yote. Aje nayo mwenyewe, mwana wanje, mwanangu huyo. Akae mbele kabisa, pale wanapokaa watoto. Yule mwanamke akigeuka safari hii, amkute mwanawe."

Nikamuuliza, na kama siye? Akamalizia maji ya ndoo ile kwanza. Akasema kama siye, basi atakuwepo mtoto wa Odeta wa kulitaja jina lake kwa katibu, kwa sababu yeye Mama mdomo wake umekataa.

Mtama wa pombe Mama ameshauloweka jana. Treni ya Tabora unaijua. Ushukie Katumba, usiende mpaka mjini.

Mungu wa baba zetu akufunike njiani, na malaika waliotuvusha mtoni wakuvushe na wewe.

Katibu wa kigango alipita leo baada ya Misa kuchukua majina. Mama alimtajia yote kama kawaida. Alipouliza, "Basi?" Mama akamwambia asubiri treni.

Ni mimi dada yako nikupendaye, pamoja na kelele zangu zote,

Candide