Kitanda cha Matofali cha Mama

Kijiji cha Liugou

Kaka yangu mpendwa Shouyi,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Natumaini wewe, wifi na mtoto hamjambo. Mimi mwili mzima, moyo ndio hauko mahali pake. Barua hii nimempa binamu Xiulan akukabidhi mkononi, kwa kuwa kwenye simu nilishindwa kusema.

Tumesikia wilaya unayoiongoza imesifiwa kwa kupunguza makaa ya mawe. Sikatai, anga imetakata na milima tunaiona tangu asubuhi. Nia ya kuipoza dunia ni njema. Lakini katika ripoti zenu mnaandika majiko yaliyozibwa, basi. Hakuna aliyekuja kutuuliza kama tuna joto.

Mafundi wako walipoziba kwa saruji mdomo wa jiko linalopasha moto kitanda cha matofali, waliahidi gesi. Bomba lilifika ukutani kweli. Gesi yenyewe inakuja kwa kusuasua, na jioni kila mtu akiwasha, inakatika. Nilimletea Mama kitanda cha chuma, akakikataa. Alisema hicho ni cha wagonjwa. Yeye alituzaa juu ya matofali na hapo hapo atalala. Akawa analala na makoti yake yote mwilini.

Jirani yetu Shangazi Qiao alishabomoa saruji yake kwa siri, anachoma mabua ya mahindi. Alimwita Mama akalale kwake, akamtania kwamba mama wa bosi anaogopa nini, kwani moshi umeandikwa jina? Mama akamjibu kuwa aliyetia sahihi amri ya kuziba majiko ni mwanawe, na yeye akikutwa anaota moto wa kuibia, huko ofisini watamcheka mtoto. Nikachukua nyundo nibomoe mwenyewe. Akakaa mbele ya jiko, akaniambia basi nianze na yeye.

Kaka, nilikudanganya niliposema Mama ana mafua. Kilikuwa kichomi. Alinikataza nisikuite mpaka wakaguzi wa mkoa waondoke, usije ukaharibikiwa kazini. Wameondoka jana. Mama alifariki juzi. Nimekukasirikia sana, na nimejikasirikia zaidi kwa kumtii.

Amelazwa chumba cha kati, na bila wewe, mwanawe wa kiume, hatuwezi kumzika. Leo nimebomoa saruji na kuwasha makaa, waombolezaji wapate pa kukaa. Tafadhali usije na gari la ofisi. Watu wakiliona watakimbilia kuzima moto, na nyumba ya Mama imekaa na baridi vya kutosha.

Nisalimie wifi, umbusu mtoto.

Ni mimi mdogo wako,
Caiping