Nilisogeza Kopo la Sukari, Nikamwangusha Mtoto wa Watu

Mpendwa Bi. Eulalia,

Naomba unisaidie kabla Jumapili nyingine haijanikuta, maana iliyopita niliimba kwaya macho nimeyafumba, watu wakadhani ni Roho kumbe ni aibu. Majina tafadhali yabadilishe.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, napika katika shule ya msingi hapa Alabama, nimeokoka, na mwanangu wa pekee, Demetric, anacheza katika timu ya chuo cha mji wetu, mpira wetu huu wa kofia ngumu, naye ni mmoja wa wale watano wa mbele ambao mpira wenyewe hawaushiki, kazi yao ni kuwa ukuta tu, kumkinga mrushaji asifikiwe na adui mpaka mpira umtoke mkononi, na ukuta huo ukisimama vizuri hakuna anayeutaja, ila siku ukitoboka mji mzima unakuwa fundi uashi.

Basi ukatoboka. Jumamosi ya wiki mbili zilizopita, dakika ya mwisho, tumebakiza hatua sita tufike mstarini tushinde, mpango ukavunjika, adui akapita upande wa kushoto kama anaingia nyumbani kwao, akamkumba mrushaji wetu mgongoni, bega likateguka, mpira ukamtoka, wakauokota wao wakakimbia nao uwanja mzima. Upande wa kushoto, Bi. Eulalia, ni wa mwanangu.

Kesho yake baada ya ibada tulikuwa ukumbini kwa chakula, mimi nagawa kunde, na Shemasi Cleophus, ambaye goti lake halijakunjika tangu mimi nikiwa binti, akakusanya vichupa vitano vya chumvi kutoka meza zote akavipanga mstari, ndio ukuta, nyuma yake akasimamisha chupa ya pilipili, ndiye mrushaji, kando yake kopo la sukari, ndiye Javoris, mkimbiaji wetu, ambaye mara nyingine hubaki nyuma kusaidia kumkinga mrushaji, kisha vipande vya mkate wa mahindi vikawa maadui, na wanaume wakajaa pale kama madaktari juu ya maiti.

"Tazameni hapa," akasema, akigonga chumvi ya kushoto kwa uma. "Huyu alilala. Mwili kama friji, na miguu kama ya friji."

"Friji afadhali, Shemasi, linagandisha," akasema Otis wa gereji. "Huyu kagandisha nini?"

"Ungeingia wewe, Otis, na tumbo hilo?"

"Tumbo hili? Yule mtu angekwama hapa mpaka Krismasi!"

Wakacheka, na mimi niko hatua mbili tu na upawa mkononi, na wote wananijua, na wote wamekula kwangu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuzuia hata mlango usijifunge, basi damu ikanipanda, nikaweka upawa chini, nikajipenyeza katikati yao, nikalisukuma kopo la sukari mpaka likagonga mkate wa mahindi.

"Mnaongea msiyoyajua! Yule alikuwa mtu wa Javoris! Javoris ndiye aliyetakiwa kumpokea, akamwachia apite. Mwanangu mwacheni!"

Nikageuka, na kwenye meza iliyo nyuma yangu amekaa Mama Pettway, bibi yake Javoris, aliyemlea tangu ana miezi minane, tuliyekaa naye benchi moja kanisani miaka kumi na tisa. Ameshika paja la kuku, hajaliuma. Akaniuliza taratibu, "Vernetta, nani kakuambia hivyo?"

Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimekisia.

Jioni ile ile redio ya mji ikajaa wapiga simu, "Hata mama wa mlinzi mwenyewe kasema!" Dukani mtu akamwambia Mama Pettway mbele ya foleni nzima, "Mfundishe mjukuu wako kuzuia watu." Jumapili hii amehamia benchi za upande wa piano, na Javoris anasema muhula ukiisha anahama chuo.

Sasa sikia lililonivunja kabisa. Kila Alhamisi nawapikia wale watano, na Javoris huwa wa sita, hupenda makaroni yangu ya jibini, hukwangua mpaka sufuria. Alhamisi ile kiti chake kikakaa kitupu na hakuna aliyenitazama usoni. Walipoondoka, Demetric akabaki jikoni, akasema, "Mama, mpango ulibadilishwa palepale uwanjani, sekunde ya mwisho. Javoris aliambiwa aende kulia, akaenda kulia. Yule aliyepita alikuwa wangu mimi. Kelele zilizidi, sikusikia."

"Na Javoris anajua?"

"Sote tunajua, hata kocha. Ila watano wa mbele hatusemi ni mtu wa nani, mama. Tunasema 'tumekosea', basi. Ndiyo kanuni. Wewe ndiye uliyesema."

Nikamwambia basi nirudi nikarekebishe, akanisihi nisifungue mdomo tena. Baba yake naye hataki, anasema mwakani watakuja watu wa timu za kulipwa kumtazama mtoto, unataka umchome kwa mkono wako mwenyewe? Nimefunga siku tatu, nimeomba, jibu silisikii. Nikisema, mji unamgeukia mwanangu. Nikinyamaza, mtoto wa watu anaondoka kwa kosa ambalo si lake na bibi yake anabaki peke yake. Nifanye nini, dada yangu?

Mama wa Ukuta


JIBU

Mama wa Ukuta,

Majina nimeyabadilisha, pamoja na mambo mengine mawili matatu ambayo sitayataja.

Msimu huu pekee nimepata barua tisa za mpira huu, mashemeji wasiosalimiana, waume wanaorudia mchezo mmoja mpaka chakula kinapoa, na nilikuwa nimeapa ya kumi naitupa. Yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, maana hakuna mama atakayesikia mwanawe akiitwa friji akaendelea kugawa kunde. Mara ya pili nikakasirika.

Unafunga siku tatu kutafuta jibu gani? Mama Pettway alikupa siku ile ile, na kuku mkononi: nani kakuambia hivyo? Hakuna. Umemshuhudia uongo jirani yako, ndani ya ukumbi wa kanisa, na sasa unataka Mungu akutafutie njia ya kutubu ambayo haitamgusa mtu wa nyumbani kwako. Hiyo haipo, mama.

Umechanganya mambo mawili. Alichokosea mwanao uwanjani ni chake, usimsemee. Ulichosema wewe mezani ni chako, na kwa hicho huhitaji ruhusa yake wala ya mumeo. Hao watu wa timu za kulipwa wana picha za mchezo ule, wanajua nani alipitwa na nani. Wasiojua ni Shemasi na chumvi zake.

Na ile kanuni ya vijana ni nzuri, imewafunika watano wale kama blanketi. Lakini Javoris si mmoja wa wale watano, ni wa sita. Yeye yuko nje mvuani, tena bado amewatunzia siri. Mwanao anajua hilo, ndiyo maana alibaki jikoni.

Leo, si kesho, nenda kwa Mama Pettway. Usiende na pai. Ukienda na pai atalazimika kukushukuru. Mwombe msamaha mikono mitupu, na akikufungia mlango, simama barazani useme maneno yako hapo hapo, kisha urudi kwako.

Jumapili nenda ukumbini, meza ile ile, sauti ile ile, kabla kuku hawajaisha. Sema: "Nilimtaja Javoris. Nilisema nisichokijua, na haikuwa kweli. Alifanya alichoambiwa." Watakuuliza, basi alikuwa mtu wa nani? Jibu lako ni moja: "Kula kuku wako, Shemasi." Watahesabu vichupa vyao, watajua. Waache wajue. Mji uliomtukana Javoris wiki mbili akaendelea kukimbia hautamuua kijana mwenye mwili wa friji.

Ila kabla ya hapo, Jumamosi, mkalishe Demetric umwambie utakachofanya. Usimwombe ruhusa, mpe habari. Kijana huyu kazi yake ni kusimama mbele ili apigwe yeye, mwenzake abaki wima. Siku ile hakusikia aliloambiwa. Safari hii mwambie kwa sauti ya kutosha, kisha Jumapili usigeuke kutazama kama yuko nyuma yako.

Na Alhamisi pika makaroni, weka viti sita.

Bi. Eulalia